Benchi Lililotekwa Ngazini

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye chungu motoni akiepue kwanza, maana hii ni habari ya Bibi Cherehani, fundi nguo mstaafu, mtiisha vitambaa, mwenye goti moja zima na jingine asi.

Ofisi ya mtaa iliwaita wazee wachague jambo la kwanza la kuwafaa wasichakae majumbani. Ikawaitia ghorofa ya pili, penye upepo.

Bibi alikwenda na neno moja: benchi, nusu ya njia ya kwenda zahanati. Wifi yake, mjane wa kaka yake, alikuwa ameacha kwenda kupimwa presha kwa kukosa pa kupumzikia.

Wakaikwea ngazi mashujaa wawili, Bibi na wifi, ukuta ukiwa ngao na fimbo ikiwa mkuki, hata kwenye kona ya kati goti likatangaza uasi. Wakaketi. Nao hawakuwa wembamba. Ngazi ikafungwa kama lango la ngome.

"Wifi, uzee umekushika goti, mdomo umeusahau," alisema mjane.

"Mdomo ndio tuliokuja nao. Tulia."

Afisa wa wazee, kijana wa tai, akachungulia kutoka juu. "Bibi zangu, pumzikeni tu. Tunakaribia kupitisha mazoezi ya viungo na fulana. Tutawawakilisha."

"Mjukuu wangu, sauti utaniwakilishia. Goti je?"

Ndipo mama wa chai akapanda na birika la mkutano, akakuta njia imezibwa.

"Shikamooni. Nipite wapi?"

"Marahaba. Kupita hupiti, mwanangu, ila kumimina unaweza."

Harufu ya tangawizi ikapanda hadi juu, pale magoti yaliposhindwa kufika. Haukupita muda, jeshi lote la juu likashuka, wazee kwa kushika ukuta, wakubwa wa ofisi kwa haraka, kila mmoja akakalia kidato chake. Bibi akanena, kikombe mkononi:

"Mazoezi mema. Lakini wifi yangu hajamwona daktari tangu mvua zilizopita. Nani hapa amewahi kukalia fulana?"

Wazee wakacheka. Afisa akajishika kiuno. Saruji ilikuwa baridi.

"Benchi kwanza," akasema.

Basi vizazi na viambiane: benchi la mbao lilisimikwa kando ya njia ya zahanati, na wifi akaketi, akapumua, akainuka, akafika. Presha ikakutwa juu, akapewa dawa.

"Benchi gumu hili," alisema wakirudi, akimpisha Bibi akae. Wala hakuna malkia aliyepata kukalia kiti kilichopiganiwa vikali namna ile.