Mayai Meupe kwenye Marimba

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mwalimu wa muziki ametandaza karatasi za nota mezani. Kila mmoja achague wimbo wa kupiga peke yake siku ya Ijumaa. Atakayeshindwa atatolewa kwenye marimba na kurudishwa kwenye pembetatu, kile chuma cha kugonga. Nimegonga pembetatu mwaka mzima. Ting. Sirudi!

Binamu yangu, ambaye darasa zima humwita Cherehani kwa kasi ya mikono yake, alinyakua karatasi iliyojaa nota nyeusi kama siafu. Maskini. Mimi nilitafuta iliyo nyeupe kuliko zote. Nikaipata: wimbo wa kubembeleza mtoto, nota chache, kubwa, tupu ndani kama mayai. Mwalimu aliuliza kama nina hakika. Nikajibu kwamba napenda utulivu. Akanitazama kwa heshima.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Nimeupiga wimbo wote mara moja, bila kosa. Ila kuna jambo. Nagonga ubao, tok, kisha kimya. Muda wa yai bado haujaisha, sauti imeshakufa. Nikasimama kusubiri limalizike.

Mwalimu akapita, akauliza sauti imekwenda wapi. Akaeleza kuwa mbao haziwezi kushikilia sauti. Kila nota ndefu lazima irindimishwe, mkono wa kulia na wa kushoto kwa kupokezana, haraka na kwa upole, bila kukatika hadi yai liishe. Wakubwa wengi, alisema, huukimbia wimbo huu. Nikamwambia nilijua.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Nimeomba kubadilisha wimbo. Haiwezekani. Mwalimu ameshausifu ujasiri wangu kwa mwalimu mkuu, na mama ameshampigia shangazi simu. Nimefanya mazoezi kwa miko miwili juu ya meza ya jikoni. Mama akaenda kufungua mlango mara mbili, akidhani wageni wanabisha. Mabega yanawaka moto.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nimemwendea Cherehani kwa ustaarabu. Nikamweleza kwamba kwa kipaji chake anastahili wimbo mgumu zaidi, na kwamba niko tayari kujitolea kuuchukua wake. Hakuinua hata kichwa.

"Mayai yako hayo," alisema. "Yaatamie mwenyewe."

Basi. Nimefumua sweta la zamani na kuzungushia uzi vichwa vya fimbo zangu za kugongea marimba, tabaka juu ya tabaka. Nisiposikika, makosa yangu hayatasikika.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Cherehani alianza kabla mwalimu hajakaa sawasawa, na akamaliza kabla hajatafuta miwani. Hakuna nota iliyokosewa. Nikaona pembetatu ikiningoja pale ukutani.

Nilipoinua fimbo, mikono ilikuwa inatetemeka. Sikuweza kuizuia. Nikaiteremsha kwenye ubao hivyohivyo, ikaendelea kutetemeka, kulia, kushoto, kulia, na uzi ule ukalainisha kila kitu. Sauti ikatoka ndefu, ya duara, haina mshono. Niliogopa hadi nota ya mwisho, na ikarindima hadi nota ya mwisho.

Mwalimu alichukua fimbo zangu, akauminya uzi.

"Nani kakufundisha kuzilainisha hivi?"

Nikasema ni sikio tu. Tumepita wote wawili! Nikakaa sakafuni papo hapo. Cherehani alinivuta kuniinua, akasema wimbo wangu ulimtia usingizi, na kwamba kwa wimbo wa kubembeleza hiyo ni sifa. Mama amenikumbatia, kisha akaulizia sweta.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Nimelala vizuri ajabu. Mwalimu ametupa nyimbo za muhula ujao tuchague, na safari hii nimekuwa makini sana. Nimeukuta mmoja wenye mstari mmoja tu. Mstari mmoja! Cherehani amechukua wa kurasa nne. Mwishoni mwa wangu pameandikwa urudiwe, tena na tena, kila mara kwa kasi zaidi. Lakini maandishi madogo hivyo hayawezi kuwa na uzito.