Vizibo Mia Mbele ya Imamu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudi kutoka Lubudi na aibu nzito kuliko mzigo. Ghala la kwanza lilinipa mifuko 27 ya mahindi, ghala la pili mifuko 35. Karani akataka niandike jumla kwa mkono wangu na kutia sahihi. Kwa kawaida mke wangu Bilkisi husafiri nami, na mambo ya namna hiyo ni yake. Safari hii alibaki nyumbani na mafua. Nikafanya mwenyewe. 2 na 3 ni 5. 7 na 5 ni 12. Nikaandika 512. Karani akatazama karatasi, akatazama lori langu, akakaa chini kwa kicheko. Akaita wapakizi waje kuona.

Kosa liko wapi? Mpaka sasa silioni!

Bahati nzuri Twahiru hakuwepo. Twahiru ni msafirishaji kama mimi, ila lori lake ni jipya na mdomo wake ni mrefu. Angeifikisha habari hiyo hapa nyumbani Kolwezi kabla yangu. Na wiki hizi sitaki habari. Jumamosi ya tarehe 15 watu wa Akram wanakuja kumposa binti yangu Farida. Akram ana duka la vipuri na adabu nzuri. Twahiru alimtaka kwa ajili ya binti yake, akamkosa, na tangu hapo salamu zake kwangu ni fupi.

Tatizo ni mjomba wa Akram. Ni mwalimu mstaafu, ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wao. Tulipoonana mara ya kwanza nilimwambia kwamba nami zamani nilisoma sana hesabu. Sijui kwa nini. Mdomo uliondoka wenyewe.

Uamuzi: nitajifunza hesabu kwa siku kumi na mbili, kwa siri.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejiandikisha darasa la watu wazima, saa kumi alasiri. Mwalimu ni Mama Honorine, mwanamke mfupi mwenye chaki mbili, moja mkononi na moja kwenye nywele. Tuko wanafunzi tisa. Wachimbaji vijana, mama wawili wa sokoni, na mimi. Jirani yangu wa benchi anajua kukadiria shaba ndani ya jiwe kwa kulipima mkononi tu, lakini 6 anaiandika kichwa chini.

Nyumbani nilisema nakwenda kutafuta tairi.

Hesabu ya Lubudi niliiandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu; Mama Honorine akaizungushia duara jekundu, akatueleza siri ya mifuko 512. 7 na 5 ni 12, sawa. Lakini unaandika 2 tu, ile 1 unaibeba, unaipeleka kwa wenzake upande wa kushoto. Nikauliza kwa nini niibebe. Mimi ni msafirishaji, sibebi kitu bila makubaliano. Darasa likacheka. Mama Honorine hakucheka. Amesema kila mtu alete vitu mia moja vya kuhesabia: maharagwe, mawe, chochote.

Alhamisi, 6 Novemba

Jana nilijaribu maharagwe. Nilikuwa nimefika arobaini na kitu, Bilkisi akanikuta jikoni mkono ndani ya kopo. Nikasema natafuta wadudu. Akasema nichague yote, basi, maana ni ya chakula cha jioni. Nimechagua kilo tatu za maharagwe. Hayakuwa na mdudu hata mmoja.

Leo mawe. Nilijaza mifuko miwili ya suruali kokoto za njia ya Kingamyambo. Wazo la mtu asiyefikiri! Ni nani katika mji huu anatembea na mawe mfukoni bila kuulizwa? Mlinzi wa kizuizi cha mgodi aliona suruali inavyoning'inia, akanisimamisha. Akamwaga mawe yangu kwenye meza, akaita mtaalamu wa kupima madini. Mtaalamu akapima. Akasema ndani hakuna shaba, hakuna kobalti, hakuna chochote, ni barabara tupu. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama aliyeniuzia nilimwamini kabisa.

Nilikubali kwamba nimetapeliwa. Ilikuwa rahisi zaidi.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilipata wazo: vizibo vya chupa! Vidogo, vyepesi, vyote sawa. Soda siku hizi ni chupa za plastiki, kwa hiyo vizibo vya chuma ni vya bia tu. Mama Huguette mwenye baa ya pembeni alikuwa na ndoo nzima. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikahesabu mia, nikavitia mfukoni mwa kanzu. Nilitaka kuvipeleka darasani saa kumi. Nikasahau kwamba katikati kuna swala ya Ijumaa.

Rukuu ilipita salama. Kwenye sijida mfuko ukafunguka. Kizibo kimoja, kisha kumi, kisha vyote. Msikiti mzima kimya, na vizibo vya bia vinaviringika juu ya saruji mbele ya mkeka. Kimoja kilikwenda mbali sana, polepole, kikazunguka na kulala miguuni kwa Imamu.

Nikainua macho. Wa kwanza kugeuka alikuwa Twahiru. Sijawahi kumwona mtu ametoka kwenye swala na furaha namna ile.

Jumamosi, 8 Novemba

Kamati ya msikiti imeniita. Nilikuwa na njia mbili. Niseme ukweli, kwamba ni vya darasani, na kufika jioni mjomba wa Akram ajue kwamba mimi Kasimu sijui kujumlisha. Au ninyamaze, niitwe mlevi, na Farida akose mume. Farida ameshaanza kulia chumbani. Kila akilia, moyo unanikatika.

Nikachagua njia ya tatu. Nikasema mvua zimeanza, matope yanaingia msikitini, na mimi Kasimu nimeona uchungu. Ninatengeneza ubao wa kufutia viatu. Vizibo vinapigiliwa meno juu, kama ilivyo kwenye milango ya watu wengi hapa. Ilikuwa niwashangaze.

Kamati ikafurahi! Imamu akanishika mkono. Akataka ubao mkubwa, mistari kumi na miwili, vizibo ishirini kila mstari, uwe tayari Ijumaa. Twahiru akauliza kwa upole jumla ni vingapi. Nikamwambia kazi ya Mungu haihesabiwi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimerudi kwa Mama Huguette kuchukua vingine. Wakati wa kutoka nikakutana uso kwa uso na Twahiru, amesimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayesubiri teksi. Aliniamkia mara mbili.

Darasani sikwenda. Sina nafasi ya kujifunza hesabu, nina hesabu nyingi mno za kufanya.

Jumatano, 12 Novemba

Nimehesabu vizibo mara tatu. Mara ya kwanza 231. Mara ya pili 219. Mara ya tatu 240. Nimegundua kwamba vizibo vinabadilika vikihesabiwa. Nimechukua jibu la tatu kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Nimepigilia mpaka vidole vimevimba. Mstari wa mwisho una vizibo kumi na saba. Nimeupeleka upande wa ukuta.

Bilkisi ameuliza tairi imefikia wapi. Nimesema bado inatafutwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Ushindi! Kwa muda wa nusu saa. Ubao umewekwa mlangoni, watu wamefuta viatu, Imamu amenitaja kwa jina mbele ya wote. Kisha ikaja mvua. Ubao ukalowa. Hakuna aliyenikumbusha kuosha vizibo! Harufu ilipanda polepole, ikaingia ndani, ikakaa safu ya kwanza. Msikiti ukanuka kama baa siku ya mshahara.

Ubao umerudishwa kwangu kwa mkokoteni. Nimeuegemeza karibu na mlango. Kesho ndiyo siku yenyewe. Mungu wangu, kesho ndiyo siku yenyewe!

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika vidole bado vimevimba, lakini kwa raha.

Walifika saa nane, mvua kubwa. Mjomba mbele, wazee wawili, Akram nyuma na mwavuli. Twahiru akaingia pamoja nao bila kualikwa, akisema jirani haalikwi. Wakaketi. Bilkisi akaleta chai. Na upepo ukageuka, ukaleta ile harufu sebuleni, nzito, kama mgeni wa sita.

Mjomba akaweka kikombe chini, akauliza kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi: "Tata Kasimu, ii arufu inatoka wapi?"

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakukuwa na kitu ndani.

Twahiru alikuwa nacho. "Mi sipende kusema mambo ya bantu," akasema, na macho yake yanang'aa. "Lakini nilimuona anatoka mu bar. Na ku muskiti, bizibo bilianguka mu mufuko yake. Bote banajua."

Nyuma ya pazia nikamsikia Farida anavuta pumzi. Akram alikuwa anatazama viatu vyake. Mjomba alianza kukusanya kanzu yake ili asimame. Nikaona posa inatoka mlangoni na mwanangu anabaki nyuma ya pazia, na yote ni kwa ajili yangu. Nilijichukia.

Hapo mlango ukagongwa. Mama Honorine, amelowa, chaki bado kwenye nywele, daftari langu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Tata Kasimu! Wiki muzima haukuye. Uliacha kaye yako mu kalasa," akasema mbele ya wote. "Na bintu mia ya kuhesabia yenye niliomba, mawe ao bizibo, iko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Katika mji huu wenye mashimo kila mahali, hakuna hata moja lililokuwa karibu.

Mjomba akanyoosha mkono, akachukua daftari. Akafungua ukurasa wa kwanza. 27 na 35, jumla 512, na duara jekundu. Akalitazama muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Akavua miwani, akafuta macho, akacheka mpaka akashika mkono wa kiti.

"Huyu haiko mulevi!" akasema, akionyesha ubao wa vizibo mlangoni. "Huyu hajue tu hesabu!"

Alisema miaka thelathini na mbili darasani hajaona kosa zuri namna ile. Akasema hesabu hufundishika, ulevi ndio alioogopa, na mtu mwenye mvi anayekaa benchi moja na vijana anamfaa kuwa mkwe. Kisha akamgeukia Twahiru, akamuuliza kwa sauti ya ualimu 27 na 35 ni ngapi. Twahiru akakumbuka ameacha lori lake wazi kwenye mvua.

Posa imekubaliwa. Bilkisi amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Farida ametoka nyuma ya pazia, amenishika shingo, amecheka na kulia pamoja. Nami nililia. Sioni aibu kuandika. Ilikuwa kama kutuliwa gunia nililobeba tangu Lubudi.

Baadaye nilimuuliza Bilkisi kama amenisamehe uongo wa tairi. Kumbe alijua tangu Jumanne ya kwanza. "Hakuna muntu anatafutaka pneu na crayon ku sikio," akasema, akinigusa pale ninapochomeka penseli. Amenishauri kwa upole: kuanzia leo, baba Farida, usichokijua, sema hukijui. Nimemwapia. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeamka mwepesi kama kijana. Jua limetoka. Ubao nimeuosha kwa sabuni, msikiti umeupokea tena.

Mjomba alipita asubuhi kupanga harusi. Nikaona si vizuri aondoke na picha mbaya. Nikamweleza kwamba ile 512 niliiandika makusudi, kumpima Mama Honorine kama yuko macho. Kwamba pale darasani mimi ni kama msaidizi wake. Mjomba alinitazama kidogo, akasema amefurahi sana, na kwamba kwa kuwa ni hivyo, suala la viti niachiwe mimi. Nikasema bila shaka.

Darasani sirudi. Nimeshapata nilichokuwa natafuta.

Bilkisi alitaka kuangalia karatasi kabla sijaipeleka kwa mwenye kukodisha viti. Nikamwambia apumzike, amechoka na wageni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Wageni wao 48, wa kwetu 36. 4 na 3 ni 7. 8 na 6 ni 14. Nimeandika vizuri, kwa wino.

Mwenye viti ameniuliza mara tatu kama nina hakika ni 714. Nimemwambia anaongea na mtu aliyesoma.