Mke Wangu Kutupwa Kwenye "Havitumiki Tena"

Kwa Ndugu Mabingwa mliotengeneza programu ya kupanga mafaili,

Salamu nyingi, na poleni na kazi ya kukaa. Mimi ni fundi viatu, mzee wa darasa la nne, ila hilo la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo nihesabieni nane. Mjukuu wangu wa kike aliitia programu yenu kwenye simu yangu ili picha za viatu vya wateja zisichanganyikane. Akafungua mafaili matatu: Vya Kutengeneza, Tayari Kuchukuliwa na Havitumiki Tena. Nalalamika hivi:

1. Programu yenu ina kiherehere. Kitu kisipofunguliwa muda mrefu, inakibeba bila hodi hadi Havitumiki Tena.

2. Imembeba mke wangu. Picha yake, namba yake, hata kikumbusho cha dawa zake za presha, vyote kati ya ndara iliyokatika na chaja iliyoungua. Ni kweli picha yake sikuwa nimeifungua. Ya nini, na mwenyewe yuko jikoni namwona bure? Ningemkuta mimi, ningenyamaza. Alijikuta mwenyewe, akitafuta picha ya harusi ya shangazi yake.

3. Sasa amehamia chumba cha wageni na hanisemeshi. Akitaka chumvi anamwambia paka, paka ndiye aniambie mimi. Kwa jirani, lakini, maneno hayamwishi: eti asiyetumika ni mimi, na soli yangu ilikwisha zamani.

4. Mkiiachia, kesho itambeba mwenyekiti wa mtaa, ambaye naye hana anayemfungulia mlango.

Kwa hiyo naomba mmoja wenu, tena mwenye tai, aje amwombe mke wangu radhi kwa magoti. Viatu vya huyo mwenye tai nitavipiga rangi bure.

Nisalimieni wake zenu, kama mnakumbuka mmewaweka faili gani.

Ni mimi,
Fundi Viatu, kona ya duka la dawa

N.B. Mwenye tai asije. Mke wangu alichukua simu aifute programu kwa mkono wake, na humo humo kwenye Havitumiki Tena akakuta sauti niliyomrekodia alipolazwa hospitali, nikimwimbia vibaya. Amecheka hadi paka akakimbia. Mto wake umerudi chumbani kwetu. Programu iacheni ilivyo. Naye ameitia kwenye simu yake, na mimi kaniweka Vya Kutengeneza. Nimeridhika. Ila msije mkanihamishia Tayari Kuchukuliwa. Sina haraka.