Lenzi ya Idara na Ua la Mkurugenzi

Idara ina furaha kuutangazia umma kwamba ua la waridi lililo mbele ya jengo letu limepigwa picha ya karibu, karibu kuliko picha yoyote iliyowahi kupigwa na ofisi ya umma. Picha hiyo imepamba jalada la kalenda. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Uteuzi wa Lenzi, na naeleza yaliyotokea ili wapiga domo wakose la kusema.

Kwanza mfahamu Waraka wa Nyuso. Mkurugenzi wetu aliutoa kukomesha wafanyakazi hewa: ambaye uso wake hauonekani vizuri kwenye kalenda, hayupo kazini, na mshahara wake unasimama. Sisi wengine tulikwisha kupigwa picha ya pamoja kwa ajili ya ukurasa wa ndani. Mkurugenzi hapigwi picha na kundi. Yeye aliwekwa jaladani, pamoja na ua. Waraka ulimgusa mtu mmoja tu, mpiga picha wetu, mama wa watoto wawili, ambaye kwa sababu zisizoeleweka hajawahi kutokea kwenye picha hata moja.

"Lakini mzee, si mimi ndiye ninayepiga hizo picha?" alimuuliza Mkurugenzi.

"Wewe, usinichanganye. Unaonekana au huonekani?"

"Sionekani."

"Basi kalenda ikitoka tuagane kwa amani."

Alitoka na macho mekundu, na Kamati ikaendelea na mambo ya msingi. Mjumbe wa Usafirishaji alitaka lenzi ndefu kama bomba la maji, kwa kuwa idara jirani wanayo. Mjumbe wa Ustawi aliipinga stendi ya miguu mitatu, akihoji kwa nini mitatu ilhali mtumishi wa umma anatosheka na miwili. Mpiga picha alituonya kwamba kamera ikisogezwa karibu hivyo hushika kitu kimoja tu, na aliye nyuma ya ua atakuwa ukungu mtupu. Nilimkumbusha kwamba vifaa vya serikali havina mamlaka ya kumfanya Mkurugenzi ukungu.

Hatimaye tulinunua pete za kufunga kati ya kamera na lenzi. Pete hizo huifanya kamera ione kilicho puani pake tu. Kwa kuwa pete ni ndogo na mikono ya watu ni mirefu, Kamati iliagiza zigandishwe kwa gundi.

"Jamani, mmegandisha?" alishangaa mpiga picha.

"Moja kwa moja," nilijibu kwa fahari.

"Sasa haitapiga tena kitu cha mbali!"

"Ua haliendi popote, dada."

Siku ilipofika, Mkurugenzi alisimama nyuma ya ua, kavuta tumbo ndani. Mpiga picha alisimamisha stendi, akashika swichi ya waya, akainama kando ya kamera. Kidudu cheusi, mgongo unang'aa kama kioo, kikatua kwenye ua. Alipotaka kukifukuza, Mkurugenzi alifoka: "Wewe, piga! Tai inanikaba!"

Akapiga. Kalenda ikachapwa, na wakaguzi wakaja na Waraka mkononi. Ua lilionekana hadi unga wake wa njano. Nyuma yake palikuwa na doa la kijivu. Na kwenye mgongo wa kidudu, mdogo lakini wazi kabisa, ulikuwepo uso wa mpiga picha.

"Huyu mama yupo," alisema mkaguzi. "Hili doa ni nani?"

"Ni mimi!"

"Wafanyakazi hewa wote husema hivyohivyo."

Nilisikitika sana. Baadaye nilifunga mlango wa ofisi yangu nikacheka hadi mbavu zikauma.

Kujitetea ni rahisi: mhusika alete picha ya uso iliyopigwa kwa kamera ya Idara. Kamera ni ileile moja. Tangu hapo Mkurugenzi anashinda kwenye benchi la ukumbini.

"Dada yangu, nipige tena basi," anabembeleza.

"Sogea, mzee. Sogea tena. Hapo nimepata tundu la pua, la kushoto."

Wakaguzi wanasema tundu moja halitoshi kumtambua mtu. Kwa hiyo Kamati imekutana na kuridhia kwa kauli moja inunuliwe kamera nyingine. Maombi yapo mezani, yanasubiri sahihi ya Mkurugenzi, ambaye, kwa mujibu wa Waraka wake mwenyewe, hayupo.