Farasi wa Dervla Akae kwa Nani

Jumamosi, 4 Oktoba

Habari njema na mbaya zimekuja kwa simu moja. Mwanangu Ruairí kasema binti yake Dervla ametimiza miaka sita na ruhusa imetoka: atafutiwe farasi mdogo wa kujifunzia. Kwao Galway mjini hakuna hata pa kufugia sungura. Kwa hiyo farasi atakaa kwa babu, na mtoto ataletwa kila Jumamosi kumpanda. Kila Jumamosi! Sasa hivi tunamwona Krismasi na Pasaka tu, tena kavalishwa nguo asizotakiwa kuzichafua. Mara ya mwisho aliniita "yule babu mwenye mbwa." Niliumia. Mbwa mwenyewe alikuwa ameshakufa.

Habari mbaya: mtoto ana babu wawili.

Wa pili ni Malachy Keane, baba wa mama yake. Daktari wa meno mstaafu, anakaa ng'ambo ya ziwa kwenye nyumba yenye madirisha makubwa kupita kiasi. Naye kaambiwa. Mwenye farasi ndiye atakuwa mwenye Jumamosi. Huyu ndiye aliyewahi kuning'oa jino zima pamoja na lile bovu. Anasema yote mawili yalikuwa mabovu. Sijamsamehe na sina haraka.

Lakini Malachy hajui lolote kuhusu farasi. Mimi nimezaliwa katikati yao. Nimeshashinda.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mke wangu Bairbre katoa ushauri bila kuombwa, huku anakanda mkate. Kasema farasi wa kwanza wa mtoto awe mzee, mfupi, mvivu kidogo, aliyeshalea watoto wa watu na kuchoka kushangaa. Trekta likipita asigeuke. Mfuko wa plastiki ukiruka asigeuke. Nikamuuliza tunanunua farasi au kabati. Akajibu kwamba kama angepata kabati lenye kufuli angenitia mimi ndani.

Kinachoniudhi ni kwamba farasi wa namna hiyo yupo. Peigín, jike la kahawia la Pádraic Conneely. Tumbo kama pipa, mdomo wa chini unaning'inia. Atauzwa Jumamosi kwenye gulio la Maam Cross, na nasikia Malachy kaenda kumwona mara mbili!

Hapana. Zawadi ya babu lazima imfanye mtoto ashike mashavu kwa furaha. Nani atashika mashavu kwa ajili ya Peigín?

Jumatano, 8 Oktoba

Mbinu. Nimepita baa mchana (nilikunywa chai, Bairbre akisoma hii ajue) nikawanong'oneza watu wawili tu kwamba Peigín anauma. Nikawaomba wasimwambie mtu. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Alhamisi, 9 Oktoba

Habari ilimfikia padri kabla ya chakula cha jioni. Safi sana.

Si safi. Pádraic kaogopa kukosa mnunuzi, kapunguza bei. Malachy naye kasikia, kaenda mbio, kamfungua Peigín mdomo kama mgonjwa wake, kakagua jino moja moja, na kutangaza mbele ya watu, "Huyu bibi na meno haya atauma nini, uji?" Sasa anamtaka zaidi ya jana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Gulio. Mvua. Nitaandika yaliyotokea ingawa mkono unasita.

Nilijipanga karibu na Malachy na Pádraic, tayari kukohoa kwa dharau kila Peigín atakaposifiwa. Nilikohoa vizuri. Mwanamke mmoja alinipa peremende. Wakabishana, wakabishana, mpaka ikabaki tofauti ndogo sana. Pádraic akanyoosha mkono. Malachy, ambaye hajawahi kununua hata kuku gulioni, akauinua wake na kuuacha hewani, hajui aupeleke wapi.

Mikono miwili. Katikati yake nafasi ya shibiri moja.

Jamani! Tangu ujana mimi ndiye mtu wa katikati kwenye gulio hili, yule anayekutanisha mkono wa muuzaji na wa mnunuzi. Baba yangu alikuwa mtu wa katikati. Kuona mikono miwili iliyokaribia na haijakutana ni mateso kwangu, sawa na mtu mwingine anavyoona maziwa yanafurika jikoni. Sikuamua. Nilijikuta nimewashika vifundo vya mikono, napaza sauti, "Gawaneni tofauti, wanaume, msitiane aibu mbele za watu!" Nikaikutanisha. Pah! Na kofi likishalia Maam Cross, biashara imefungwa. Hakuna anayerudi nyuma, hata alie.

Nimemnunulia adui yangu farasi kwa mikono yangu mwenyewe.

Malachy alinikumbatia. Hadharani! Kasema, "Asante sana mkwe wangu, bila wewe ningesimama hapa mpaka Krismasi."

Kwa hasira nikavuka upande wa pili nikanunua wa kijivu. Miaka minne, shingo ya upinde, mkia unafagia ardhi. Nimemwita Jenerali. Tuone mtoto atashika mashavu kwa nani.

Jumanne, 14 Oktoba

Jenerali kala taulo. Jenerali karuka ukuta wa mawe, kasalimia ng'ombe wa jirani, karuka tena kurudi. Hapendi mwavuli, hapendi kuku, hampendi Bairbre.

Nikamfungia gunia la viazi mgongoni, uzito wa Dervla hasa, nikalivisha kofia. Gunia lilidumu muda mfupi kuliko Salamu Maria moja. Chakula cha jioni: viazi vilivyochubuka. Bairbre alivipakua, vilivyochubuka zaidi kwenye sahani yangu. 

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo gunia limekaa! Bairbre kasema halikukaa, lilinasa. Wivu tu. Farasi yuko tayari.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kaletwa. Buti nyekundu, kofia ngumu iliyomshukia mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Jenerali alishika mashavu kweli. Nikamtazama Bairbre. Bairbre hakunitazama.

Nikampandisha. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, naapa. Jenerali hakukimbia, hakupiga teke. Alitikisa kichwa tu kwa sababu ya nzi, mtikiso mmoja wa mnyama kijana asiyejua aliyembeba ni nani, na mtoto akateleza ubavuni mpaka matopeni. Alidondoka taratibu. Hakuumia hata kidogo.

Hakulia. Ningependelea alie. Alisimama nyuma ya sketi ya bibi yake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama farasi amemkasirikia. Nikasema hapana, hapana kabisa. Akauliza basi amefanya kosa gani. Nikaanza kumfuta tope kwenye buti.  Akaomba arudishwe nyumbani kabla ya keki kukatwa.

Nimeona haya siku nzima. Nimemtazama Jenerali uwanjani, mzuri kama picha, na nimejua kwamba nilimchagua kwa ajili yangu mimi, Festy Mannion, si kwa ajili ya Dervla.

Jumamosi, 25 Oktoba

Bairbre kanipakia kwenye gari hata kofia sijavaa. Tumekwenda kwa Malachy.

Mtoto alikuwepo, amesimama shambani mbali na farasi, mikono nyuma. Alikataa kusogea. Malachy hakumsihi. Nyonga yake mbovu, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Peigín alisogea mwenyewe, polepole, akateremsha kichwa mpaka usawa wa yule mtoto, akalala usingizi. Usingizi kweli, na mdomo ukining'inia! Trekta likapita barabarani. Hakugeuka. Baada ya muda Dervla akanyoosha kidole kimoja, akamgusa kati ya macho. Kisha mkono mzima.

Malachy kasema yeye hawezi kutembea na kamba, nyonga haimruhusu. Akaniomba mimi. Sikutaka kumfanyia kazi Malachy Keane. Lakini Dervla akasema, "Babu Festy, shika wewe, lakini usiache." Babu Festy! Hakuna mbwa aliyetajwa.

Tukampandisha Peigín, na tumezunguka shamba lile sijui mara ngapi. Kanisimulia kila kitu: jino linalotikisika, rafiki aliyehamia Dublin, kwamba gizani haogopi ila kwenye ngazi tu. Mkono wake ulikuwa kwenye manyoya ya Peigín na mguu wake ukigusa kiwiko changu. Mvua ilinyesha na hakuna aliyetaka kuingia ndani. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa na furaha hivi. Naandika ili nikiisahau niisome.

Alhamisi, 30 Oktoba

Malachy kaja kwangu! Kasimama uani, kaegemea fimbo. Kasema atalazwa hospitali kwa ajili ya nyonga, na shamba lake hujaa maji majira ya baridi. Je, ningemchukua Peigín mpaka masika? Tandiko, nyasi kavu, vyote ataleta. Akaongeza kwamba mtoto atamfuata farasi, kwa hiyo Jumamosi zote zitakuwa hapa. "Unamwongoza vizuri kuliko mimi, mkwe," kasema.

Moyo uliruka! Jumamosi zote!

Lakini mtu wa gulio hakubali neno la kwanza. Anayerukia neno la kwanza huchekwa mpaka kaburini. Kwa hiyo nilifyonza meno, nikatazama mawingu, nikasema hapana, majani yangu mwaka huu ni haba. Kisha nikampa mgongo nikaanza kutembea kuelekea bandani. Ndivyo inavyofanywa: unaondoka, mwenzako anakuita, unarudi ukinung'unika. Nilitembea polepole kiasi kwamba kuku walinipita.

Nikafika bandani. Nikaingia. Nikangoja.

Nikasikia, "Haidhuru, mkwe, nimekuelewa!" Halafu mlango wa gari.

Amenielewa? Gulioni nani anasema amekuelewa?

Bairbre aliposikia aliketi chini na taulo la vyombo mkononi. Kasema, "Festy, yule alikuwa anakupa. Hakuwa anauza." Kanisihi nipige simu sasa hivi. Nikamweleza kwamba atakayepiga simu kwanza ndiye aliyeshindwa. Katoka nje bila koti.

Jumamosi, 1 Novemba

Ruairí kapiga simu asubuhi. Kapatikana mama mmoja Moycullen mwenye mabanda ya farasi, karibu na kwao, mtoto anaweza kufika hata siku za shule. Wanampeleka Peigín leo. Kauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa sana.

Ruairí na mtoto walipita hapa saa sita, wakimpeleka. Nilikuwa langoni kwa bahati tu, tangu saa tatu. Dervla alibandika uso kwenye kioo cha nyuma, akanipungia mikono yote miwili, mdomo wake ukisema kitu nisichokisikia. Gari likapunguza mwendo. Bairbre akaniambia kwa meno yaliyofungwa, "Wasimamishe. Mzee, wasimamishe!"

Nusura ninyooshe mkono. Lakini nawajua hawa. Gari linalopunguza mwendo ni la mtu aliye karibu kukubali. Nikawapa mgongo, nikaanza kutembea polepole.

Naandika haya nikiwa bandani. Mlango nimeuacha wazi ili nisikie wakiniita.