Mume Wangu Alifungwa Ngumbo

Jumatatu, 14 Julai

Wiki ya tatu ya ndoa. Ladi wangu bado ananishika mkono tukienda kisimani! Watu wa kijiji chetu cha Matiri wanatucheka. Wacheke! Leo furaha juu ya furaha: parokia imetuchagua twende Ujerumani mwaka mzima, kujitolea kwenye chekechea. Mimi na Ladislaus, theluji nje, blanketi moja ndani! Sista Margareta anayesimamia safari kasema kimebaki kitu kimoja tu. Polisi watachukua alama za vidole vyetu, waangalie kama tumewahi kuhukumiwa kwa kosa lolote. Anayekaa na watoto wa watu lazima achunguzwe, kasema. Ni haki kabisa. Mmoja wetu akionekana na doa, nafasi inakwenda kwa Gertrude na mumewe Erasmo, walio akiba. Gertrude kasema anatuombea. Alivyolisema neno hilo, nikasikia baridi.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwisha! Mjomba Vitalis, kaka wa mama mkwe, kaja kutoka Ngumbo, kule ziwani, na dagaa wake wakavu wa usipa. Nikampa shikamoo, nikarudi jikoni. Wao barazani, vicheko. Mara mjomba akasema Ladi alifungwa pale Ngumbo. Tano! Mama mkwe akadakia kuwa tena ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, mbele ya Padri na umati wote. Mjomba akasema ubaya ni kwamba aliyeshika ni mwenzake Raimundi, lakini aliyefungwa ni Ladi. Sufuria likanitoka mkononi.

Miaka mitano! Na sauti yake ile laini! Raimundi alishika nini? Ng'ombe? Mkoba? Mke wa mtu?

Nimempima Ladi kwa upole. Nikamuuliza Ngumbo palikuwaje. Akainamisha kichwa. Akasema nisimkumbushe, alifungwa kizembe, watu walimzomea mpaka ufukweni. Nikalia kifuani kwake. Akashangaa, akasema hakujua kama kuna mwanamke duniani anayeweza kuumia hivyo kwa jambo lile. Mpenzi wangu! Moyo wa malaika. Lakini malaika hufungwa?

Alhamisi, 17 Julai

Sikulala. Wazo baya limeingia. Na kama si Raimundi aliyeshika? Na kama kosa lilimhusu mtoto? Siku nzima nimejibanza nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa, namchungulia Ladi akicheza na watoto wa jirani. Wanamrushia machungwa, anayadaka yote, hata lililopita juu ya kichwa. Wanamkumbatia magoti, wanamng'ang'ania asiondoke. Hapana. Huyu ni mtu mwema. Alifungwa kwa dhambi ya mwenzake! Basi kumwokoa ni kazi yangu.

Nimepata mpango. Alama zisiposomeka, polisi watachunguza nini? Jioni nimempa masufuria yote ya harusi ayasugue kwa mchanga na majivu. Nikamwambia ndiyo ndoa ya kisasa. Akasugua huku akiniimbia! Mama mkwe kapita, kasimama, akauliza kwa sauti ya kufika kijiji jirani cha Kitura: je, mwanawe ameoa au ameolewa?

Mungu anisamehe. Na akina mama wa Kijerumani pia.

Jumatatu, 21 Julai

Masufuria. Mihogo. Sakafu. Leo vidole vyake vyekundu kama buni mbivu, na laini kama yai. Ananionyesha kwa fahari, anasema hayo ndiyo makovu ya mapenzi. Moyo umenichoma! Nimevibusu kimoja kimoja. Kesho polisi.

Jumanne, 22 Julai

Aibu! Niandike haraka kabla sijafa.

Mbinga mjini, kituoni, foleni. Gertrude nyuma yetu, eti anajiandaa mapema, kavaa kitenge cha Pasaka. Alama zangu zikatoka safi kama mchoro. Ladi akaweka kidole. Wino ukaacha doa tupu. Kidole cha pili, doa. Askari akauliza anafanya kazi gani. Ladi akajibu kahawa. Askari akasema yeye naye ni mtoto wa mkulima wa kahawa, mbona vidole anavyo? Akamtazama sana. Akamwita mwenzake. Wakamtazama wote wawili.

Niliziona pingu! Nikapiga ukelele. Nikasema Afande, tusamehe, ni kweli alifungwa Ngumbo, tano, lakini aliyeshika ni Raimundi, mkamkamate Raimundi!

Ladi mdomo wazi. Askari akaweka kalamu chini, akaniuliza taratibu: tano kwa ngapi?

Sikuelewa. Nikasema kwa kosa la mwenzake.

Ladi akajifunika uso. Akasema tano bila, Afande, golini nilikuwa mimi, Raimundi ndiye aliyeshika mpira ndani ya kumi na nane.

Kituo kizima kikacheka, hata mahabusu. Gertrude alikaa chini kabisa, na alipoinuka alikuwa amekwisha kunibatiza Mama Penati. Askari katurudisha nyumbani, vidole vipone kwanza.

Njia nzima Ladi hakunishika mkono. Tulipofika akaniuliza swali moja tu: nilidhani yeye ni mtu wa kufanya nini? Nililia mpaka akaja kunifuta machozi. Kwa kiganja, maana vidole vinamuuma.

Ijumaa, 22 Agosti

Vidole vya Ladi vilipona, na vyeti vya polisi vimetoka! Safi, vyote viwili! Ladi kanishika mkono kutoka parokiani mpaka nyumbani. Nimemwapia kwamba tangu leo, nikisikia neno la barazani, nitauliza kwanza. Gertrude kaja kutupongeza na uso wa mtu aliyekunywa mwarobaini.

Lakini jioni Sista Margareta kaja na orodha ya madarasa ya chekechea, kutueleza kazi zetu. Mimi niko jikoni naandaa chai, masikio yako barazani. Jamani! Wengine wamepewa Sungura, wengine Vipepeo. Ladi wangu wamempa Dubu! Dubu ishirini, yeye na mwalimu mmoja, kila asubuhi! Sista anasema bado ni wadogo, wakichoka hung'ata kidogo, ila wakiimbiwa wanalala. Na mume wangu anacheka! Anasema atawazoea!

Sikuuliza. Nimuulize nani, na wote wamekwisha kudanganywa? Nimeichukua pasipoti yake kimya kimya, nimeitumbukiza kwenye gunia la kahawa lililoko mlangoni, nikalishona mdomo upya kwa mkono wangu. Hapo hakuna wa kuipata. Nje lori la ushirika linapiga honi, na mama mkwe anaita vijana waje wapakie. Wapakie wanachotaka. Mume wangu haendi kuliwa.