Malalamiko Juu ya Sista Anayenawisha Watu Wazima

Magwagwa,
Machi 1976

Kwa Bwana Daktari Mkuu wa Hospitali,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi, maana yaliyomo ni mazito. Mimi ni Manasseh Onchiri, mwenye duka la vitambaa hapa Magwagwa na shemasi wa kanisa la Sabato. Mwezi uliopita mke wangu Eucabeth alilazwa kwako, utumbo ukiwa umepasuka. Mlimpasua, mkamshona, na kwa kuwa hakuweza kula, mkamwekea mrija mrefu kwenye mshipa mkubwa chini ya bega, ule unaoelekea moyoni, apate maji na dawa. Kwa hayo nashukuru. Ninayemlalamikia ni Sista Bathsheba, msimamizi wa wodi ya wanawake.

Kwanza, siku ya kuweka mrija, alimfunika mke wangu shuka toka kichwani hadi miguuni. Mama mkwe alichungulia dirishani, akaona shuka, akapiga yowe lililowatoa wagonjwa vitandani. Sista alitoka, mdomo na pua amevifunika kwa kitambaa, akasema, "Mama, yuko hai. Tunazuia uchafu usiingie kwenye damu." Uchafu gani, Bwana Daktari? Mke wangu anaoga kila siku.

Pili, kunawa. Alitusimamisha mlangoni, mimi na mama mkwe, tunawe kwa sabuni kwenye karai moja! Wewe si Mgusii, kwa hiyo nakueleza: kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali, na heshima hiyo tunaiita chinsoni. Ilizama kwenye povu. Nikamwambia Sista, "Nimenawa nyumbani." Akajibu, "Na mlango wa basi ulifunguliwa na nani?" Nikanawa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mimi ndiye ninayewaosha wenzangu miguu kanisani kabla ya Meza ya Bwana.

Tatu, Mchungaji Nyamweya alikuja kumwekea mgonjwa mikono. Aliambiwa aombe mikono ikiwa mfukoni. Binamu yangu Nyasani, anayeuza mitishamba soko la Daraja Mbili, alileta samli ya kupaka pale mrija ulipoingilia. Alirudi nayo. Sisi hata bandeji tulikatazwa kuigusa, lakini Sista akiona imelowa kidogo tu anaibadilisha. Na kabla ya kupitisha dawa anasugua mdomo wa mrija kwa spiriti, anasugua, mpaka mtu unaionea huruma ile spiriti.

Nne, na hili unalijua. Ulipoingia wewe mwenyewe ukanyoosha mkono kwenye mrija, alisema mbele yetu sote, "Daktari, hujanawa." Nikafumba macho nisione anavyofukuzwa kazi. Nilipoyafumbua, ulikuwa karaini. Tena ulimwambia asante! Ikiwa daktari ananawishwa, sisi wenye maduka tutaheshimiwa na nani?

Tano, kila asubuhi alikuuliza, "Mrija huu bado unahitajika leo?" Eucabeth alipoanza kunywa uji ukakaa tumboni, mrija ukatolewa siku ile ile. Nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba mke wangu analishwa kwa njia ya moyo, na shemeji zangu walikuwa njiani kutoka Nyacheki kuja kushuhudia. Walimkuta ameketi anacheka, ana plasta ndogo tu. Niliaibika sana.

Sasa linganisha na kliniki moja ambayo sitaitaja, alikolazwa jirani yangu Makori. Huko kuna uhuru. Tuliingia wote, tukakaa kitandani, tukaushika mrija wa dripu tukiusifu. Nesi alitoka kumkamua mtu jipu, akaja moja kwa moja kwa Makori bila kupoteza muda kwa sabuni. Baadaye Makori alianza kutetemeka kwa homa. Mahali sindano ilipoingilia pakavimba, pakatoa usaha. Wakasema ni malaria. Hakuna aliyetuvunjia heshima hata kidogo, mpaka tukamzika. Mjane wake, Mong'ina, aliniuliza pale kaburini kwa nini Eucabeth alirudi nyumbani na Makori hakurudi. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu.

Kwa hiyo naomba Sista Bathsheba ahamishwe, hata kwa kupandishwa cheo, apelekwe mahali pasipo na wagonjwa. Pia mfungue wodi ya waheshimiwa isiyo na karai, ambako mtu ataugua bila kuaibishwa. Na mmwonye Eucabeth, kwani ameambukizwa tabia hiyo: jana alinikataza kumbeba mjukuu wetu mpaka ninawe.

Wasalimie madaktari, wauguzi, wapishi, bawabu, na mama anayefua mashuka. Eucabeth anawasalimu wote, Sista akiwa wa kwanza, ingawa nilijaribu kumzuia.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na uchungu,
Manasseh Onchiri

Baada ya kusaini: Leo asubuhi nikinyanyua robota la vitambaa, ngiri yangu imevimba vibaya. Mganga wa dispensari anasema lazima nipasuliwe, na nimemkataza asinipeleke penginepo ila kwako. Tafadhali uhamisho usubiri, na Sista Bathsheba aazimwe wodi ya wanaume hadi nitakapotoka. Ikishindikana, nilazwe ya wanawake. Na kwa kuwa barua hii imepita mikono mingi kabla ya kukufikia, nakusihi, Bwana Daktari, unawe kabla hujamgusa mgonjwa.